Malenge ya Kwenye Boksi

Jumamosi, 20 Septemba

Renae ameingia asubuhi bila hodi, mikono imejaa, akaenda moja kwa moja jikoni hadi kwenye friza. Ametoa nyama yangu ya nguruwe. Ametoa siagi. Ametoa supu ya kuku niliyoigandisha tangu Julai. Mahali pake amepanga maboksi ya chakula, safu kwa safu, mpaka mlango wa friza ukawa haufungi vizuri.

"Mama, usinune," akaniambia.

"Sijanuna. Nimesimama tu, ni jiko langu."

"Daktari alisema nini?"

Daktari alisema mengi. Lakini alipofika kwenye chakula alinitazama mimi, na Renae akanitazama mimi, na hata yule nesi aliyekuwa akikunja kitambaa cha kupimia presha akanitazama mimi. Harlan peke yake hakunitazama. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

Moyo wake ulisimama mwezi Agosti, barazani kwa Renae, hindi la kuchoma likiwa bado mkononi. Renae alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika. Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye, nimeshamwambia. Ila tangu siku ile binti yangu anatuamrisha kama askari wa barabarani.

Hata kopo langu la mafuta ya bekoni, lililokaa kando ya jiko tangu enzi Harlan anaendesha lori la maziwa, amelibeba kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hili ndilo lililotaka kumuua Baba," akasema. Alilisema hivyo hivyo, mbele yangu, na kesho yake atakwenda kanisani kushiriki meza ya Bwana.

Maboksi yana picha ya majani mekundu na bakuli linalofuka moshi. Mavuno ya Vuli, ndivyo yanavyoitwa. Malenge, tofaa, mdalasini, mchele mweusi wa porini, beri nyekundu. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, moyo mchangamfu. Mimi malenge ninayo nyuma ya nyumba, yamelala chini yameiva, nimeyapanda kwa mikono hii. Na binti yangu ananiletea malenge ya kwenye boksi! Asante ya punda mateke.

Jumapili, 21 Septemba

Leo tumelijaribu hilo boksi. Nasema tumelijaribu, lakini aliyekula ni Harlan. Mimi nimekula mkate na jibini, kwa makusudi.

Nikafuata maelezo kama mtoto wa darasa la kwanza. Toboa nailoni kwa uma. Tia kwenye maikrowevu. Toa, koroga, rudisha. Subiri. Jiko langu la gesi limekaa pembeni limepoa, saa ileile ambayo kila Jumapili tangu tuoane limekuwa na kuku ndani na malenge juu, malenge ya siagi na sukari guru na yale majani ya seji ninayoyachuma dirishani. Nyumba haikunukia chochote. Ilinukia nailoni.

Nikamwekea trei yake nyeusi mezani, nikavuta kiti changu mbele yake, nikaweka kidevu mkononi. Sitaficha: nilikuwa nasubiri akunje uso. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Ningemwambia, "Vumilia, mzee wangu, ni kwa ajili ya moyo," halafu ningempigia simu Renae nimwambie baba yake hataki kula.

Akachota. Akatafuna. Akatazama ndani ya trei.

"Kitamu," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Kitamu, Ardis. Malenge haya matamu."

Sasa, anayesoma haya, kama yuko, aelewe. Watu wa huku Wisconsin hatusemi "kitamu." Chakula kikiwa kibaya tunasema "hiki cha namna yake," na mpishi anakwenda kulia chooni. Kikiwa kizuri tunasema "si haba." Mume wangu ameniambia "si haba" kwa miaka arobaini na ushei. Siku ya harusi yetu mama yangu alimuuliza keki ikoje, akajibu si haba. Nilimpa kuku wa kuoka, mikate ya moto, pai ya tofaa niliyoshinda nayo utepe kwenye maonyesho ya kaunti: si haba, si haba, si haba. Nilidhani neno lile jingine hanalo. Kumbe analo. Alikuwa amelitunza kwa ajili ya boksi.

Akakwangua trei mpaka pembeni.

Jumatatu, 22 Septemba

Kuku na tofaa. Kitamu, anasema. Mvua.

Jumatano, 24 Septemba

Malenge na mchele wa porini. Nimemwekea mezani nikaenda zangu sebuleni. Sina haja ya kukaa nikitukanwa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Miti ya barabarani imekuwa myekundu yote. Watu wanatoka mjini na magari yao kuja kuitazama, wanaegesha mbele ya nyumba yetu. Mwaka mwingine ningewauzia pai.

Bev wa ng'ambo ya barabara amekuja kunywa kahawa. Bev ni mjane, rafiki yangu wa siku zote, na ulimi wake haujui breki. Nikamweleza habari ya "kitamu." Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Wewe Ardis! Unalionea wivu boksi?"

"Silionei wivu. Nashangaa tu."

"Wangu alikuwa hata si haba hasemi. Alikuwa anaguna."

"Akiguna ulijua maana yake?"

"Nilijua anakula," akasema Bev. "Mie hilo lilinitosha."

Amekwenda. Nadhani ameanza kuzeeka vibaya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chakula cha mavuno kanisani. Naandika nikiwa bado na koti mwilini, maana nikilivua nitakaa chini, na nikikaa chini nitalia.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia, tunakula pamoja kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Kila mwanamke analeta bakuli lake la oveni, jina lake limebandikwa chini yake kwa utepe. Mwisho wa jioni kila mmoja anachukua bakuli lake, na hapo ndipo hukumu inapotolewa. Hakuna anayesema neno. Bakuli likiwa tupu, umesifiwa. Likibaki kipande kimoja, umesifiwa zaidi, kwa sababu hakuna mtu wa huku atakayekubali kuonekana akichukua cha mwisho. Wanakikata nusu, na nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe ya kumtosha sisimizi. Bakuli langu la malenge halijawahi kurudi na zaidi ya chembe.

Mwaka huu nimelipika kama kawaida. Siagi ya kuazima kwa Bev, sukari guru, seji. Nilimwambia Harlan hili asiliguse, ni la wengine. Akaitikia kwa kichwa.

Tukakaa kwenye meza ndefu pamoja na mchungaji na akina mama wa kwaya. Harlan kainama juu ya sahani yake ya kabichi mbichi. Mke wa mchungaji, kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mgonjwa, akamuuliza, "Harlan, maskini, siku hizi wanakupa nini?"

Na mume wangu, asiyezungumza mezani, mtu ambaye ukimuuliza saa atakuonyesha mkono usome mwenyewe, akaweka uma chini akaanza kuhutubia.

"Vile vya boksi," akasema. "Vya kwenye maikrowevu. Vina malenge, vina tofaa. Haki ya Mungu, ni vitamu."

"Vitamu?" akasema mmoja wa kwaya.

"Vitamu kweli. Unakaa, unakula, umemaliza."

Ala! Meza nzima ikageuka. Boksi gani? Rangi gani? Linauzwa wapi? Mchungaji akatoa kalamu akaandika kwenye kitambaa cha karatasi. Wanawake ambao wamekuwa wakiomba nitoe siri ya malenge yangu tangu Renae yuko shule ya msingi, wakawa wanamuuliza mume wangu dakika ngapi kwenye maikrowevu. Naye anajibu! "Unatoboa kwanza," anasema. "Usisahau kutoboa." Mimi nimekaa kando yake nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Halafu nikaenda kuchukua bakuli langu. Nusu. Limerudi nusu, na kijiko kimesimama katikati.

Bev alikuwa nyuma yangu. "Si wewe, Ardis," akaninong'oneza. "Watu wanaogopa. Wameona yaliyompata Harlan."

Alidhani ananifariji. Kwa hiyo ndivyo wanavyosema. Wamekula mkono wangu miaka yote hii, wamelamba mpaka vijiko, na moyo wa mume wangu ulipogoma wakakaa wakahesabu siagi yangu.

Kwenye gari Harlan aliniuliza, "Mbona kimya?"

Nikamwambia nimechoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Hatujazungumza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Kuku na tofaa. Hatujazungumza.

Jumatano, 15 Oktoba

Harlan ameuliza mkasi uko wapi. Nimemwonyesha kwa kidole.

Jumapili, 19 Oktoba

Umande wa barafu asubuhi. Nimeyaingiza malenge yote gereji, nimeyapanga juu ya magazeti. Yamekuwa mengi kuliko miaka yote, na hakuna wa kuyala. Nimekaa nayo kidogo.

Jumanne, 21 Oktoba

Jumanne na Alhamisi gari la hospitali linampeleka Harlan mazoezi ya moyo, pamoja na wazee wenzake. Wanatembezwa juu ya mashine kama farasi wa kusagia. Nyumba inakuwa yangu peke yangu mpaka mchana.

Leo nimelitoa boksi, nikalipasha, nikakaa mezani nikalionja kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumjua huyu aliyenishinda.

Basi niseme kweli mbele ya Mungu. Si kibaya. Ningefurahi kingekuwa kibaya. Ni laini, kina utamu wa kwa mbali, mdalasini umepita njia, beri zimelainika mpaka hazina ukali. Unameza bila kufikiri. Lakini hakuna mtu ndani yake. Hakuna aliyeonja akasema bado kidogo. Nilikula nusu ya trei nikitafuta kitu cha kumfanya mume amsahau mkewe, na sikukiona. Nusu iliyobaki nikampelekea mbwa wa Bev. Akanusa, akanitazama, akaondoka.

Nikabaki na trei nyeusi mkononi, nikaiosha. Nikaitazama. Nikaenda gereji nikaleta lenge.

Sikutia chumvi. Naandika hapa ili ijulikane: hata punje moja. Sitaki kumuua mume wangu, nataka kumfumbua macho. Nilichoma malenge kwenye oveni mpaka yakaiva kwa utamu wake yenyewe, nikakaanga kitunguu pole pole kwa tone la mafuta, nikatia tofaa chachu, mdalasini, seji, mchele wa porini. Beri nikaziacha na ukali wake. Nikajaza trei, nikafunika kwa nailoni yangu, nikaigandisha chini kabisa ya friza. Jiko limewaka, nyumba imenukia, nikafungua madirisha yote ili harufu itoke. Bev akanipigia simu kuuliza kama kuna moto.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempa jioni. Nilitoboa nailoni mbele yake kama kawaida. Nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa sebule, maana ningebaki mezani uso wangu ungetoboa siri.

Kimya. Uma. Kimya.

Halafu akasema, kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza: "Kitamu hiki."

Mungu anisamehe, niliruka nyuma ya mlango kama msichana.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimechoma malenge mengine.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ameomba aongezewe. Nikamwambia boksi ni moja kwa mtu. Akakwangua trei.

Jumamosi, 8 Novemba

Renae amekuja kupima presha ya baba yake. Imeshuka. Akaipima tena, ikawa imeshuka kweli.

"Si nilikwambia, Mama?" akasema. "Si nilikwambia yale maboksi yatamsaidia?"

"Ulisema, mwanangu."

"Na uzito umepungua. Unajisikiaje, Baba?"

"Vizuri," akasema Harlan. "Wanajua kupika, hawa wa boksi." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilitaka kupasuka. Nilikwenda kwenye sinki nikafungua maji ili nicheke.

Lakini nilipomsindikiza Renae hadi kwenye gari hakuondoka. Alikaa mikono juu ya usukani. Nikadhani amesahau kitu. Kumbe analia. Akaniambia kila akifumba macho anasikia mbavu za baba yake zikilia chini ya mikono yake. Akasema, "Nilidhani nimemvunja, Mama. Mpaka leo nadhani nimemvunja." Nikamshika kichwa kupitia dirisha la gari. Mwezi mzima na zaidi nimekuwa nikimwita askari moyoni mwangu, na mtoto alikuwa anaogopa tu.

Nilitaka kumwambia pale pale kuhusu trei. Nikajizuia. Nimeshapanga siku.

Jumanne, 11 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Mpango ni huu. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kila nyumba inapokula pamoja, Renae anakuja kula kwetu. Mumewe na wavulana wao watakuwa porini wanawinda kulungu. Nitaweka mezani trei nyeusi tatu. Harlan atakula, atasema neno lake, Renae atasikia. Hapo nitawaambia ni mkono wa nani. Baada ya hapo Harlan hatakuwa na pa kulirudishia neno lake. Atakuwa ameshanisifu, na atakuwa na shahidi.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani mke wa mchungaji amenishika mkono. "Tumejaribu yale maboksi," akasema. "Yalikuwa ya namna yake." Nimekaa na utamu wa maneno hayo ibada nzima, sikusikia mahubiri.

Jumamosi, 22 Novemba

Msimu wa kulungu umefunguliwa. Harlan haruhusiwi kwenda, baridi itambana kifua. Amevaa kofia yake ya kuwindia, ya rangi ya chungwa, tangu alfajiri, amekaa dirishani anasikiliza bunduki za wenzake. Nimemwonea huruma. Nilimpelekea kahawa, nikasimama kando yake tukasikiliza pamoja.

"Hiyo ya Vernon," akasema, bunduki ilipolia. "Amekosa."

"Umejuaje?"

"Vernon hukosa."

Nilicheka. Muda mrefu tulikuwa hatujacheka. Nikawaza, Alhamisi ikifika tutacheka hivi hivi.

Jumatano, 26 Novemba

Nimepika kutwa nzima, maana Harlan amelala na mafua na mlango wake nimeufunga. Bata mzinga mdogo, nimemchambua nyama laini tu. Malenge. Beri. Sijawahi kupika vizuri hivi maishani mwangu, na sikutia chumvi. Nasema hivyo nikijua majivuno ni dhambi.

Alhamisi, 27 Novemba. Siku ya Shukrani

Nilitandika kitambaa cheupe cha mama yangu, nikatoa vikombe vya harusi, na katikati ya fahari yote hiyo trei tatu nyeusi. Renae aliziona akaziba mdomo.

"Mama! Hata leo?"

"Hata leo."

Akanikumbatia. "Najua si rahisi kwako," akasema. "Asante, Mama."

Tukaomba. Tukala. Nilikaa mezani, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya Septemba. Nilijilazimisha kutazama trei yangu. Harlan alikula taratibu, sana, kuliko kawaida yake. Nikangoja neno. Halikuja. Renae ndiye aliyesema, "Hiki mbona kizuri hivi? Baba, hiki ndicho unachokula siku zote?"

"Ndicho," akasema Harlan.

"Na kikoje?" nikauliza mimi. Sikuweza kungoja zaidi.

Akameza. "Kitamu," akasema, lakini alilisema akitazama dirishani.

Basi nikasimama. Nilikuwa nimejifunza hotuba. Ikanitoka yote kichwani, nikabaki na sentensi moja. "Ni changu," nikasema. "Nimekipika mimi. Tangu Oktoba unakula mkono wangu, Harlan, na umeusifu kwa kinywa chako mwenyewe."

Renae akaweka uma chini. "Mama. Ulitia chumvi?"

"Hata punje."

"Na presha ile...?"

"Presha ile ni ya kwangu!"

Mtoto akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akazunguka meza akaniangukia shingoni. Nami juu ya bega lake nikamtazama mume wangu. Nilimngoja ashangae. Nilikuwa nimeuota uso huo wiki nzima.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni wewe. Kampuni gani hiyo inamenya malenge ikaacha uzi wa ganda? Nimekula ganda hilo tangu tuoane."

Nikakaa chini. "Tangu lini?"

"Tangu trei ya kwanza."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungerudi kukaa."

"Kukaa wapi?"

Akanyoosha uma kuelekea kiti changu, kiti nilichokikalia wakati ule. "Hapo. Kidevu mkononi. 'Harlan, kikoje? Harlan, kimekolea? Harlan, mbona umeacha?' Nikisema si haba, unanuna. Nikisema kizuri, unauliza kama ni kizuri kuliko cha juzi. Miaka yote hiyo, mama, nakula kama mtu aliye kwenye mtihani. Sijawahi kumeza kitu nyumba hii bila kutazamwa koo." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Boksi lilipokuja hukuuliza lolote, ukanuna, ukaenda zako sebuleni. Nikala. Nikasikia ladha ya chakula. Nikasema kitamu kwa sababu kilikuwa kitamu, na hakuna aliyekuwa ananiuliza."

Renae akasema, "Baba, basi."

"Ameniuliza, namjibu. Halafu ukaanza kupika kimya kimya na kujificha nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, Bwana, hii ndiyo hali nzuri kuliko zote. Chakula chake, na amani. Isiharibike."

Theluji ilikuwa inaanguka nje, nzito sasa. Nilitakiwa kusikia na yale aliyoyasema, kwamba alikipenda chakula changu, kwamba alikijua mkono wangu kwa uzi wa ganda. Yalikuwemo, nayaona sasa ninapoandika. Lakini kilichonitoka mdomoni ni hiki:

"Kwa hiyo changu kilikuwa kitamu zaidi, au cha boksi?"

Harlan akamgeukia binti yake. Hakusema na mimi tena.

"Umemsikia?" akamwambia.

Na Renae, aliyekuwa bado amenishika bega, akauondoa mkono wake taratibu, akaanza kukusanya vyombo.

Ijumaa, 28 Novemba

Renae amepiga simu asubuhi kuuliza kama tuna amani. Nikamwambia tunayo. Theluji imefika kwenye vipini vya mlango wa gereji, gari la hospitali halikuwa na zamu leo, na sisi wawili tulikuwa ndani kutwa.

Jioni nimepika. Malenge, kuku, tofaa. Trei zote nyeusi nimezitupa kwenye pipa. Nimempakulia kwenye sahani, nikamwita, akaja akakaa, akanitazama, nikaona mabega yake yanapanda.

"Kula," nikamwambia.

Nikavaa koti, nikavaa na kofia yake ya kuwindia iliyokuwa kwenye msumari, nikatoka kwenye ngazi za nyuma nikafunga mlango. Baridi ilikuwa ya kukata pua. Nilimsikia kupitia mlango. Uma. Kiti kikisogea. Uma tena. Mara mbili mkono wangu ulishika kitasa. Bev alinichungulia toka dirishani kwake, akanipungia mkono, nami nikampungia, kana kwamba ni kawaida ya mwanamke wa umri wangu kusimama kwenye theluji mumewe akila.

Nilingoja mpaka niliposikia maji kwenye sinki. Nilipoingia alikuwa ameshaosha sahani yake mwenyewe, ameiegemeza ikauke, na mimi sikuweza kujua kama alikimaliza au alikitupa. Sikuuliza. Naye hakusema.